Brekkie, Avo na Baga: Maneno ya Chakula Yaliyokatwa

Ndugu walimu na wanafunzi, hamjambo.

Mtu wetu aliyesoma Kiingereza cha darasani akifika Manchester, mwenyeji wake anaweza kumuuliza neno moja tu: "Cuppa?" Masikio ya Kiswahili yatasikia "kapa", kama aliyetoka mikono mitupu. Kumbe anakaribishwa chai. Ni "cup of tea" iliyokatwa hadi chai yenyewe ikadondoka, kikabaki kikombe na ile "of" iliyomezwa. Mkahawani atakuta "chip butty": chipsi ndani ya mkate uliopakwa siagi.

Wapo wanaosema huu ni uvivu wa ulimi. Mimi nakataa. Itazameni "breakfast". Mkazo uko mwanzoni, basi msemaji hushika silabi hiyo, "brek", akaiachia iliyobaki, akapachika mkia: "brekkie". "Biscuit" ikawa "bickie", "vegetables" zikawa "veggies". Hakuna anayesema "fastie", na hakuna aliyefundishwa kutosema hivyo. Mkia huohuo ndio mzazi anaotumia kumdekeza mtoto, kama "doggie" kwa mbwa. Kwa hiyo neno likishaupata, linanukia nyumbani.

Waaustralia wana mkia mwingine, "-o". Parachichi kwao ni "avo". Mwaka 2016 mwandishi wa safu Bernard Salt aliandika katika gazeti la The Australian kuhusu vijana wanaolipa dola 22 kwa mkate na parachichi la kupondwa, ilhali pesa hiyo ingeweza kuwekwa akiba ya nyumba. Mabishano yakapamba moto, na "smashed avo" ikawa midomoni mwa kila mtu. Sheng nayo ina "-o" yake: Nairobi chapati ni "chapo". Sidai kuna aliyemwiga mwenzake.

Linalonigusa zaidi ni "burger". Asili yake ni "hamburger", yaani kitu cha Hamburg, mji wa Ujerumani. Wasemaji wa Kiingereza walisikia "ham", paja la nguruwe, ingawa nyama ni ya ng'ombe, wakakata pasipo kiungo. Kipande kisichokuwa na habari yoyote ya chakula kikageuka chakula, kikazaa "cheeseburger" na ndugu zake. Sisi kilitufikia kikiwa kimeshakatwa, tukakiita baga. Soda nayo ni hivyo hivyo: kwao ilianza kama "soda water".

Kabla ya maswali, andikeni "sandwich" kwenye karatasi. Mwaustralia anasema "sanger", Mwingereza "sarnie". Hiyo "r" ya "sarnie" huko Uingereza kwa kawaida haitamkwi; imewekwa kuonyesha irabu iliyovutwa. Lakini kwenye "sandwich" irabu ni fupi. Nani aliivuta, na kwa nini? Nipeni majibu yenu.