Nani Kakatazwa Nini, Wapi? Programu Inapogoma Kusakinika

Asanteni kwa kuja. Mliosimama nyuma, huku mbele bado kuna viti.

Sitawazungusha. Kila mmoja humu ameshakutana na hali hii: unabofya faili ya kusakinisha programu, kimstari cha kijani kinatembea vizuri mpaka katikati, kinasimama, halafu kinatokea kidirisha kimeandikwa "Access is denied". Basi. Hakisemi nani amekataliwa, wala amekataliwa kufanya nini. Na sisi mafundi, tuseme ukweli, hapo huwa tuna dawa zetu tatu: kuzima antivirusi, kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator", na hizo mbili zikishindwa, kupiga Windows upya.

Ninachowaomba ni kwamba kabla hujagusa chochote, uulize: nani kakatazwa, kakatazwa nini, na kwenye kitu gani? Ukishapata majibu hayo, kurekebisha ni kazi ya dakika chache. Usipoyapata unapiga ramli, na ramli ya mtu aliyeshika nguvu za msimamizi inaweza kuiharibu mashine nzima.

Tuanze na huyo "nani", maana ndiye anayepotosha watu wengi. Kompyuta haimjui mtu aliyekaa kwenye kiti. Inachojua ni akaunti ambayo programu inaendeshwa kwa jina lake, na hizo ni habari mbili tofauti. Tangu Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007, hata akaunti iliyo kwenye kundi la wasimamizi hufungua programu zake kwa nguvu za mtumiaji wa kawaida, mpaka litokee lile dirisha la kuomba idhini nawe ukubali. Kwa hiyo mtu anapopiga kelele "lakini mimi ni admini!" na mashine inamgomea, wote wawili wako sahihi.

Sasa sikilizeni hapa, maana panawatesa hata wazoefu. Mnazijua faili zinazoishia na .msi. Ukiibofya, wewe unafungua mlango tu. Kazi yenyewe ya kuandika faili kwenye diski hufanywa na huduma inayoitwa Windows Installer, na huduma hiyo huendeshwa kwa akaunti ya SYSTEM, yaani akaunti ya Windows yenyewe. Siyo wewe. Chukulia mtu alikuwa anajaribu kuifungia folda yake, akafuta majina yote kwenye orodha ya ruhusa akabakiza lake peke yake. Folda anaifungua, anatengeneza faili ndani, anafuta, kila kitu shwari. Akisakinisha programu kwenye folda hiyo, anapata hitilafu namba 1603, ambayo maana yake haizidi "imeshindikana". Atabofya "Run as administrator" mpaka kidole kiume, haitasaidia, kwa sababu aliyekatazwa si yeye. Tiba ni kufungua sifa za folda, kwenda sehemu ya usalama, na kumrudishia SYSTEM ruhusa kamili. Folda iliyosimbwa nayo huleta 1603 hiyo hiyo kwa sababu zinazofanana.

Kisa kingine cha "nani": mtumiaji wa kawaida anasakinisha, dirisha linadai nywila ya msimamizi, msimamizi anakuja anaiandika, usakinishaji unakamilika bila kosa lolote. Mtumiaji anaitafuta programu, haioni. Imekwenda wapi? Zipo programu zinazojiweka ndani ya folda za mtumiaji mmoja, na wakati huo mtumiaji alikuwa ni yule mwenye nywila. Programu ipo, ila iko nyumbani kwa msimamizi.

Na wale mnaoweka faili kwenye diski ya mtandao, ile mliyoipa herufi Z: ukishapandisha nguvu, herufi hiyo inaweza kutoweka kabisa, kwa sababu iliunganishwa kwenye kikao cha nguvu za kawaida, na kikao cha msimamizi ni kingine. Mashine itakwambia faili haipo wakati unaiona kwa macho yako. Nakili kwanza kwenye diski ya mashine yenyewe, ndipo usakinishe.

Sasa utajuaje nani kakatazwa? Kwa kusoma logi, yaani faili ambamo kisakinishi huandika kila hatua yake. Najua hatupendi kusoma logi. Kwa faili ya .msi, fungua dirisha la amri uandike:

msiexec /i programu.msi /L*v %TEMP%\logi.txt

Acha igome. Kisha fungua hiyo logi, ambayo huwa ndefu ajabu, na usiisome kuanzia juu. Tafuta maneno "return value 3". Hapo ndipo iliposhindwa. Panda mistari michache juu yake, na mara nyingi utakutana na jina kamili la folda au la ufunguo wa rejista (ghala ambamo Windows huweka mipangilio yake) uliokataa kuguswa. Ukiona 1303, ni folda. Ukiona 1402, ni ufunguo wa rejista.

Kama kisakinishi si cha .msi, kuna chombo cha bure cha Microsoft kinaitwa Process Monitor. Kiwashe, chuja matokeo yabaki yale ya ACCESS DENIED tu, halafu rudia kusakinisha. Tahadhari moja: utaona kukataliwa kwingi ambako hakuna madhara, kwa sababu programu nyingi huomba ruhusa kubwa kwanza, zikinyimwa zinaomba ndogo na kazi inaendelea. Wewe angalia kule kwa mwisho, kabla tu ya dirisha la kosa kutokea. Bofya mara mbili mstari huo, fungua kichupo cha mchakato, utaona jina la akaunti iliyokuwa inaomba. Majibu yote matatu yako hapo.

Upande wa Linux swali ni lile lile, ila hapa "kakatazwa nini" ndicho kinachochanganya. Kusoma, kuandika na kuendesha ni ruhusa tatu tofauti. Unapakua skripti ya kusakinisha, tuseme install.sh, unaiita, unaambiwa "Permission denied". Unaweza kuisoma, unaweza kuihariri, lakini haina alama ya x, ile ya kuruhusu kuendeshwa, basi haiendeshwi. Hata ukiiita kwa sudo, amri ya kuendesha kitu kwa nguvu za root, itagoma, maana root, msimamizi mkuu wa Linux, naye anataka alama hiyo iwepo japo kwa mtu mmoja. Amri ya chmod +x, inayoiwekea alama hiyo, inamaliza. Ikikataa bado, angalia kama sehemu hiyo ya diski imepachikwa kwa noexec, yaani hairuhusu faili yoyote iliyomo kuendeshwa. Seva nyingi hufanya hivyo kwenye /tmp kwa makusudi. Pale chmod haikusaidii kitu, hamisha faili. Na kumbukeni kwamba ili kuifikia faili unahitaji x kwenye kila folda iliyo njiani, kuanzia juu kabisa. Amri ya namei -l ikifuatiwa na njia nzima ya faili inakuonyesha kila ngazi na mwenyewe.

Watu wa Ubuntu na Debian, msichanganye makosa mawili ya apt, chombo chenu cha kusakinisha programu. Ikisema imeshindwa kufungua faili ya kufuli na namba ni 13, umesahau sudo. Ikiwa namba ni 11, ruhusa haihusiki kabisa: kuna usakinishaji mwingine unaendelea, labda masasisho ya nyuma ya pazia. Subiri umalize. Mtu anayefuta faili ya kufuli kwa nguvu na kuendelea, ndiye tunayekutana naye baadaye na orodha ya vifurushi iliyoharibika.

(Swali kutoka kwa hadhira: kwa nini tusiweke 777, yaani kila mtu apewe ruhusa zote, tukamaliza?)

Nilikuwa nalisubiri hilo. Kwanza, kwa sababu haimalizi. Piga chmod -R 777 kwenye /usr uone: sudo yenyewe inakufa. Programu ya sudo hutegemea alama maalumu inayoiruhusu kuendeshwa kwa nguvu za root, na hiyo 777 imeifuta. Sasa huwezi kurudisha ruhusa kwa sababu chombo cha kurudishia umekivunja. SSH, chombo cha kuingia kwenye mashine ya mbali, nayo hukataa kutumia ufunguo wa siri ambao kila mtu anaweza kuusoma. Yaani kuna programu zinazogoma kwa sababu ruhusa zimezidi. Windows nako, ukimpa "Everyone" ruhusa kamili kwenye Program Files, programu yoyote ovu inayoendeshwa na mtumiaji wa kawaida inaweza kubadilisha faili ambayo kesho itafunguliwa na SYSTEM.

Na nguvu za juu kabisa nazo zina mpaka. Kwenye Mac, tangu toleo la El Capitan la mwaka 2015, hata root haruhusiwi kuandika ndani ya /System, wala /usr isipokuwa /usr/local. Kisakinishi cha zamani kinachong'ang'ania kuandika huko, tafuta toleo jipya.

Dada pale ameuliza kuhusu npm na pip kugoma, vile vyombo vya kusakinisha vifurushi vya JavaScript na Python. Mara nyingi ni matokeo ya dawa ya jana. Ulisakinisha kitu kwa sudo, kikaacha ndani ya folda yako ya nyumbani faili ambazo mwenyewe ni root. Leo unaendesha bila sudo, unakataliwa kwenye nyumba yako. Usiongeze sudo nyingine. Rudisha umiliki: sudo chown -R $(id -u):$(id -g) ~/.npm. Kwa Python, tengeneza mazingira ya pekee kwa python3 -m venv, usakinishe humo, sudo haitahitajika.

Mashine ya kazini ambayo huna nywila ya msimamizi? Tazama kwanza kama programu ina toleo la mtumiaji mmoja, linalojiweka kwenye AppData, folda iliyo ndani ya folda zako mwenyewe. Hilo haliombi nguvu yoyote. Kama inahitaji draiva au huduma ya mfumo, hakuna njia ya pembeni. Mpelekee msimamizi logi, jina la akaunti, na njia ya folda iliyokataa, badala ya picha ya kidirisha.

La mwisho, kaka uliyeuliza kama antivirusi ndiyo inayozuia. Ndiyo, mara nyingine ni yenyewe kweli. Windows 10 tangu 2017 ina ulinzi wa folda unaozuia programu zisizojulikana kuandika kwenye Documents na Desktop, hata zikiwa na nguvu za msimamizi. Huwa haujawashwa mpaka mtu auwashe. Kisakinishi kikishindwa kuweka tu njia ya mkato kwenye Desktop, fungua historia ya ulinzi kwenye Windows Security: programu iliyozuiwa imeandikwa pale kwa jina. Iruhusu hiyo moja, ulinzi uache umewaka.