Jinsi ya kusoma picha kwenye sahani ya kale ya Kichina

Mambo vipi jamani, karibuni. Leo tunasoma sahani, na ndio, kusoma kabisa, maana hizi kauri za rangi za enzi za Qing, ule ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, picha zake hazikuchorwa zipendeze tu, zinasema kitu. Hii niliyoshika ni kopi ya juzijuzi ila michoro ni ile ile ya zamani, so ukiizoea hii, siku ukikutana na orijino hutababaika.

Kwanza tandika taulo mezani, vua pete, vua saa. Washa tochi ya simu, usimulike kutokea juu, mulika ubavuni hivi, afu pitisha kidole taratibu. Umeisikia? Rangi imenyanyuka kidogo. Hiyo ni kwa sababu kule Jingdezhen, mji wa kauri wa China, sahani ilichomwa kwanza ikiwa nyeupe tupu, kwenye moto wa kama digrii 1,300, ndo ikachorwa kwa rangi za kioo kilichosagwa ikarudishwa kwenye moto mdogo, 700 mpaka 800 hivi. Hii pinki hapa ni dhahabu, dhahabu kweli iliyogeuzwa chembe ndogo sana, na ilianza kutumika karibu na mwaka 1720, kwa hiyo mtu akikuambia sahani yenye pinki hii ni ya mwaka 1600 usitoe hela.

Pili, taja kwa sauti kila unachokiona. Usianze kutafuta maana, taja tu. Mimi naona popo, mapichi, komamanga lililopasuka. Basi.

Tatu, na hapa naomba mtulie, kwa sababu ndo penyewe. Picha hizi nyingi zinasomwa kwa sikio. Popo kwa Kichina ni fu, na baraka nayo ni fu, zinaandikwa tofauti lakini zinatamkwa sawasawa, so aliyekuchorea popo kakuombea baraka. Ni kama mimi nikuchoree paa, yule mnyama, nikimaanisha upae maishani! Kanga yetu jina lake limeandikwa pale chini, hii jina lake unalitamka mwenyewe. Najua kwetu popo mtu hamtaki hata darini, lakini hapa usimsome kwa macho ya kwetu. Samaki ni yu, sawa na ziada, yaani usipungukiwe. Kware ni an, amani. Kulungu ni lu, sawa na mshahara wa mtumishi wa mfalme, huyo unampelekea kijana anayetafuta cheo.

Nne, hesabu. Popo watano ni baraka tano: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kifo chema (hiyo ya mwisho mimi huwa inanigusa sana). Popo akiwa mwekundu anaongezeka uzito, kwa sababu wekundu ni hong na kubwa mno ni hong. Ukikuta joka hesabu kucha, tano ni za mfalme mkuu.

Sio kila kitu ni matamshi lakini. Komamanga angalia mbegu tu, ni watoto wengi, hapo huhitaji Kichina. Pichi ni maisha marefu, inatoka kwenye hadithi za Kichina za mungu wa kike, Malkia Mama wa Magharibi, ambaye mapichi yake yanaiva kila baada ya miaka 3,000. Sasa weka popo na pichi pamoja: baraka na umri mrefu. Kuna chupa ya enzi ya mfalme Yongzheng, 1723 hadi 1735, ina mapichi manane na popo, ilikaa Marekani ikitumika kama kitako cha taa, na mwaka 2002 ikauzwa Hong Kong kwa dola za Hong Kong milioni 41.5, leo ipo makumbusho ya Shanghai.

Tano, geuza sahani kwa mikono miwili. Muhuri wa herufi sita, unaotaja enzi ya mfalme, unasomwa juu kwenda chini, unaanzia mstari wa kulia. Usiuamini peke yake, wafinyanzi wa enzi ya Kangxi, mfalme wa Qing wa 1662 hadi 1722, waliandika jina la Chenghua, mfalme wa 1465 hadi 1487, kwa kumheshimu tu.

Mwisho, andika ulichosoma kwenye karatasi uiweke pembeni ya sahani. Usibandike selotepu juu ya picha hata kidogo, ukiibandua inaweza kuondoka na rangi.