Hawakutaka kurudishwa "kawaida"

Basi ndugu zangu, tukisikia habari za kuongeza uwezo wa binadamu, miguu ya roboti, chipu kwenye ubongo na kadhalika, wengi tunawaza wanasayansi maabara na mtu mwenye ulemavu yuko pembeni anasubiri kusaidiwa. Sio kweli, mara nyingi yeye ndo alianza.

Angalia simu ya tachi uliyoshika. Wayne Westerman alikuwa anasomea PhD chuo kikuu cha Delaware kule Marekani, mikono inamuuma kwa kutaipu, kibodi imemshinda, akakaa na profesa wake John Elias wakatengeneza kibao cha kugusa tu, hubonyezi kitu, 1998 wakafungua kampuni ya FingerWorks, 2005 Apple wakainunua na 2007 iPhone ikatoka na teknolojia ya kugusa kwa vidole vingi. Hakuomba kibodi laini zaidi, aliiacha kabisa!

Robert Weitbrecht naye alikuwa kiziwi, mwanafizikia. Hakuhangaika kuisikia simu, 1964 akaunda kifaa cha kupitisha maandishi kwenye laini ya simu ya kawaida, viziwi wakawa wanachati miaka mingi kabla ya SMS.

Halafu kuna Hugh Herr, huyu nampenda sana. 1982 akiwa na miaka 17 alikwama mlimani kwenye baridi kali, miguu ikakatwa chini ya magoti. Akajitengenezea miguu ya kupandia majabali, mmoja mwembamba wa kuingia kwenye ufa mdogo, mwingine wa miiba kwa ajili ya barafu, na urefu anaubadilisha anavyotaka, yaani akawa anapita sehemu ambazo mwenye miguu yake ya kuzaliwa hapiti. Leo yuko chuo kikuu cha MIT kule Marekani anaunda vifundo vya mguu vyenye mota.

Na Temple Grandin, mwanasayansi wa Marekani mwenye usonji (autism), kukumbatiwa na watu kulimzidia ila mgandamizo ulimtuliza, akaunda mashine ya kumbana mwili ambayo anaiendesha mwenyewe.

Mnaona? Hakuna hapo aliyeuliza "nitafananaje na wengine", wameuliza nataka kufanya nini. Ndo maana viziwi wengi wanakasirika wakiambiwa ukiziwi ni ugonjwa wa kuondoa, na wana haki kabisa. Kwahiyo nyie mnaoanza projekti za aina hii, msiwaite watu wenye ulemavu mwishoni kuja kujaribu kifaa ambacho kishakamilika, waajirini tangu siku ya kuchora, muwalipe kama mainjinia wengine, na wakisema hiki hatukihitaji basi kiacheni.