MRI Inaona Nini Kwapani Kabla ya Upasuaji wa Titi?

Ahsanteni, ndugu zangu wauguzi, madaktari na wanafunzi. Mada ni saratani ya titi, lakini nitaanzia kwapani. Saratani hii ikianza kusambaa, mara nyingi hupita kwanza kwenye tezi za limfu za huko, yaani vituo vidogo vya kinga ya mwili, na mpasuaji hutaka kujua mapema kama zimeshaingiliwa.

Zamani hakuuliza. Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted wa Baltimore aliondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapani kwa mkupuo mmoja, na njia hiyo ikatawala kwa miongo mingi. Hata leo, katika kila wanawake watano wanaosafishwa kwapa lote, takriban mmoja huvimba mkono. Kwa mama anayelima, kutwanga na kuchota maji, mkono huo ndio riziki.

Sasa MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Mgonjwa hulala kifudifudi, matiti yakining'inia kwenye matundu mawili ya kifaa. Hakuna eksirei humo, ni sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Hupigwa picha za mwanzo, kisha dawa yenye gadolini, madini yanayofanya picha ing'ae, husukumwa mshipani na picha kurudiwa mara kadhaa. Saratani hujiotesha mishipa ya damu mingi inayovuja, kwa hiyo huinywa dawa upesi na mara nyingi huiachia upesi. Msomaji wa picha akimaliza titi huhamia kwenye tezi. Tezi yenye afya ina umbo la haragwe na mafuta katikati. Ikiwa imekuwa duara, ganda limenenepa na mafuta yametoweka, hapo pana shaka. Maji yaliyotuama kuzunguka uvimbe wenyewe nayo si dalili njema.

Siku hizi watafiti huilisha kompyuta picha hizo ipime mamia ya sifa ambazo jicho haliwezi kuzihesabu, kisha ikadirie kama tezi zimeingiliwa. Nazisoma kazi hizo kwa hamu, na kwa tahadhari. Nyingi zimetumia wagonjwa wachache wa hospitali moja, na programu iliyofaulu kwenye mashine ile inaweza kubabaika ikipewa picha za mashine nyingine.

Halafu kuna kisichoonekana kabisa. Kijikundi cha seli za saratani chenye upana wa chini ya milimita 2 hakibadilishi umbo la tezi, na MRI hukipita bila kukijua. Kinyume chake, tezi hunenepa kwa kidonda cha mkononi tu, au kwa chanjo. Wakati wa chanjo za UVIKO-19 tezi za namna hiyo zilionekana nyingi. Ndiyo maana picha ikishuku, sindano ichukue kinyama na patholojia, yaani maabara inayokikagua kwa hadubini, itoe jibu. Kumkata mwanamke titi kwa sababu ya doa la kwenye picha, mimi siafiki.

Utafiti wa COMICE wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuwa na wanawake 1,623. Nusu waliongezewa MRI kabla ya upasuaji, nusu hawakuongezewa. Waliolazimika kupasuliwa tena walikuwa kama asilimia 19 pande zote mbili! MRI ina mahali pake: saratani ya lobula (vitezi vya maziwa), ambayo mamografia, yaani eksirei ya titi, huikosa kirahisi, tezi yenye saratani wakati uvimbe wa titi hauonekani, na kupima kama kemo, yaani dawa za kuua saratani, imefanya kazi.

Unaonivutia zaidi ni utafiti wa SOUND, wa mwaka 2023, uliofanyika Italia, Uswisi, Hispania na Chile. Wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, ambao ultrasaundi ya kwapa haikuonyesha shaka, waligawanywa: wengine wakapasuliwa tezi, wengine wakaachwa. Baada ya miaka mitano, takriban asilimia 98 ya kila kundi walikuwa hai bila saratani kusambaa mbali. Kwa ultrasaundi, jamani! Kwetu shida ni kwamba wengi hufika uvimbe umeshapita sentimita hizo 2, na matokeo haya hayawahusu.

Dada wa mstari wa nyuma ameuliza kama anayenyonyesha anaweza kuchomwa gadolini. Anaweza, inayoingia kwenye maziwa ni kidogo mno, na hana haja ya kuyakamua na kuyamwaga. Mwenye figo zilizochoka ndiye wa kuangaliwa kwanza. Na mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aje na kadi yake, isomwe kabla hajavuka mlango wa chumba cha sumaku.