Miji Jirani Izungumze Kodi Kwanza

Waheshimiwa mameya na madiwani, mabibi na mabwana,

Kansas City, kule Marekani, ni kanda ya miji iliyokatwa katikati na mpaka wa majimbo ya Kansas na Missouri. Kuna mahali mpaka wenyewe ni barabara tu, State Line Road: upande huu jimbo moja, ng'ambo jimbo jingine. Kwa miaka mingi kampuni ziliahidiwa nafuu ya kodi zikivuka mpaka huo, nazo zikavuka. Mfanyakazi alibaki nyumba ileile. Kilichohama ni ofisi, na fedha za umma zikapotea bure pande zote mbili. Ilipofika 2019 ndipo majimbo yalipokubaliana kuacha kunyang'anyana kampuni katika kaunti za mpakani.

Miji jirani hukubaliana upesi kuhusu kuitangaza kanda au kuandaa maonyesho ya biashara. Ni mambo mema, sina ugomvi nayo. Lakini siku mwekezaji anapouliza kiwanda kijengwe wapi, kila meya anajua kwamba kodi ya jengo lile itaingia hazina ya mji mmoja tu. Hapo ndipo ushirikiano unapovunjika.

Jimbo la Minnesota liligusa penyewe. Kwa sheria ya 1971, katika kaunti 7 za eneo la Minneapolis na Saint Paul, kila mji huchangia kwenye fungu la pamoja asilimia 40 ya ongezeko la thamani ya majengo ya biashara na viwanda tangu mwaka huo. Fungu hugawanywa kwa idadi ya watu na uwezo wa kila mji: wenye mali kidogo kwa kila mkazi hupata zaidi. Tazameni busara yake: mji haukunyang'anywa ulichokuwa nacho, kinachogawanywa ni nyongeza peke yake. Hata hivyo watu walikwenda mahakamani, na utekelezaji ukachelewa miaka kadhaa. Wala ushindani haujakwisha kabisa, ila mji unaokosa kiwanda hautoki mikono mitupu.

Na anayekipokea? Huyo ndiye anayebeba malori, maji taka na zimamoto. Kwangu mimi, asilimia 60 inayobaki kwake ni haki yake. Mtakapokaa na majirani zenu, pigeni hesabu ya gharama hizo kabla hamjataja asilimia yoyote.