Nani anakagua mtaro wakati wa kiangazi?

Jamani hili nimelisema sana na leo nalisema tena. Kukodi kampuni ikague mitaro na makalavati, yaani mapitio ya maji chini ya barabara, kwenye barabara kuu mimi sina shida nako, shida ni kwamba tukishakodi tunakaa tunasubiri ripoti. Nimewahi kushika ripoti moja, makalavati yote "hali nzuri", picha safi, jua kali, tarehe ya picha Agosti. Agosti! Tukaenda kwenye kalavati mojawapo masika yameshaanza, mdomo wa kuingilia maji umejaa mchanga zaidi ya nusu, juu yake mabua ya mahindi na machupa ya plastiki, maji yamekosa njia yanafuata tuta yanakula bega la barabara, na lami ya pembeni tayari ina nyufa kama gamba la kobe. Maana maji yakishaingia chini ya lami tabaka la chini linalainika, lori likipita linakamua tope juu, haichukui muda pana shimo. Kuzibua pale ilikuwa kazi ya vibarua na makoleo tu, kujenga tuta upya ni mamilioni. Na mkaguzi alikuwa analipwa na mkandarasi huyohuyo wa kuzibua, sasa ungetegemea aandike nini?

Kuna atakayesema mbona Ulaya wanakodi. Sawa, Birmingham kule Uingereza 2010 waliwapa kampuni ya Amey barabara za jiji wazitunze kwa mkataba wa miaka 25, wakagombania kazi ipi imo ipi haimo mpaka Mahakama ya Rufaa, 2018 jiji likashinda, 2019 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 215 ijitoe. Ukiwa huna wahandisi wako wa kuusoma mkataba ule mstari kwa mstari, ugomvi huo unauanzia wapi?

Mwingine ataniambia Somanga, Mei 2024, barabara ya Dar kwenda Lindi ilivyokatika. Sibishi, mvua za kimbunga Hidaya huzizuii kwa koleo. Mimi naongelea masika ya kila mwaka ambayo tunajua inakuja.

Kwa hiyo TANROADS, wakala wa barabara kuu Tanzania, wakodi, ila mkaguzi alipwe na mwenye barabara, aende kabla ya masika na vuli na arudi mvua ikiwa inanyesha, halafu mhandisi wa mkoa achague mwenyewe makalavati ya kwenda kuhakiki bila kumtaarifu mtu. La mizani na malori yanayozidisha uzito nilikuwa nalo pia, lakini muda naona umekwisha, tulichukue kwenye maswali.