Kusoma teleprompta bila kuonekana unasoma

Karibuni tena. Leo ni teleprompta, kifaa kinachokuwekea maandishi mbele ya lenzi ili uyasome huku ukiitazama kamera, na ninakipenda kuliko vyote nilivyo navyo humu ndani. Wengi wananiandikia kwamba wakisoma wanasikika kama wanakariri. Kifaa hakina kosa. Kosa liko kwenye maandishi, na kwenye jambo moja dogo ambalo nitalirudia mpaka mnichoke.

Tuanze kufunga. Fremu, kioo, kitambaa cheusi, na hapa chini pa kulaza tableti. Skrubu mbili kwenye stendi, nakaza... tayari. Kamera inakaa nyuma ya kioo, lenzi ikaribie kabisa, na kitambaa kiizunguke pasibaki mwanya wa mwanga kupenya. Kioo kinalala kwa nyuzi 45. Tableti inamulika juu, kioo kinakuletea maneno usoni, na kamera inakuona kupitia kioo hichohicho bila kuyaona maandishi.

Kioo hiki si cha dirisha, jamani. Upande mmoja umepakwa tabaka jembamba sana. Vingi hupitisha asilimia 70 hivi ya mwanga na kuakisi 30, kwa hiyo ongezeni taa kidogo, la sivyo picha inakuwa na giza. Upande uliopakwa ndio unaoitazama tableti. Ukiugeuza, kila herufi inakuwa na pacha wake pembeni. Kuutambua ni hivi: gusisha kona ya karatasi kwenye kioo. Kona ikikutana na taswira yake bila nafasi katikati, huo ndio upande wenyewe. Mnaona? Hapa zimekutana. Nikigeuza... kuna kijinafasi. Basi, narudisha.

Sasa programu ya kusogeza maandishi kwenye tableti. Pakueni yoyote, tofauti si kubwa. Washa kile kitufe cha kugeuza maandishi kama yanavyoonekana kwenye kioo, maana... ngojeni. Imezima. Skrini imejizima katikati ya maelezo. Sikati kipande hiki, mkione. Nenda kwenye mipangilio, iambie isizime kamwe, kisha zima arifa zote na kupunguza mwanga kwa kujiendesha. Haya, imewaka. Nilikuwa nasema, usipoyageuza, kwenye kioo utayaona kinyume. Tuendelee.

Hapa naomba mnisikilize vizuri: upana wa mstari. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa niliyajaza maandishi skrini nzima, kutoka ukingo hadi ukingo, na msemaji nikamkalisha karibu na kamera. Kwenye kiskrini kidogo cha kamera nikaona kila kitu kizuri. Tulipofungua kwenye skrini kubwa, macho ya yule mama yalikuwa yanatembea kushoto, kulia, kushoto, kulia, kutoka mwanzo hadi mwisho. Tulirudia kazi yote. Iliniuma, kwa sababu alikuwa amesema vizuri sana.

Kwa hiyo vuta kingo za pembeni ziingie ndani mpaka mstari uwe mwembamba. Kwa Kiswahili, maneno matatu au manne yanatosha. Maneno yetu ni marefu: "watakapotuletea" peke yake ni sentensi nzima. Ukiweka saba kwenye mstari mmoja, macho yatasafiri. Halafu sogeza kamera nyuma, mita mbili au tatu, ukuze herufi. Kadiri ulivyo mbali ndivyo mwendo wa jicho unavyopotea. Na mstari unaousoma ulingane na kitovu cha lenzi. Ukisoma mstari ulio sehemu ya juu ya skrini utaonekana unatazama paji la uso la mtu.

Mstari mwembamba. Nimesema.

Maandishi yenyewe msiyaandike kwanza. Yasemeni. Mimi huwasha kinasa sauti kwenye simu, namweleza rafiki jambo lote, kisha naandika nilichosikia. Mtu akikaa mezani huandika "iwapo utahitaji kufahamu zaidi". Mdomo wake ungesema "ukitaka kujua zaidi". Bakiza kile ambacho mdomo ungesema. Namba ziandike kwa maneno, kwa sababu ukikutana na 1,475 utasimama kuihesabu na uso wako utakusaliti. Penye pumzi, acha mstari mtupu. Mimi napenda mstari mtupu kuliko alama yoyote.

Kasi je? Msitafute namba. Mashine ikufuate wewe, wewe usiikimbilie. Hata mwanzoni ilikuwa hivyo: Hubert Schlafly, mhandisi wa Marekani aliyeiunda karibu mwaka 1950, alitumia gombo la karatasi lililozungushwa kwa mota, na pembeni palikuwa na mtu wa kurekebisha kasi huku akimsikiliza mwigizaji. Kama una mtu wa kukushikia rimoti, mpe, na umwambie ukinyamaza naye asimamishe maandishi. Kama uko peke yako, zipo programu zinazosikiliza sauti yako na kusogea nawe. Kwa Kiswahili baadhi hupotea njia, jaribu kabla ya siku yenyewe.

Ukianza kusoma, usikodoe. Pepesa macho. Unapofika kwenye wazo linalohitaji kufikiriwa, tazama pembeni kidogo kisha rudi, kama unavyofanya ukiongea na mtu. Mikono iachie. Ukikosea neno, sema lile lililokuja kama maana ni ileile.

Fokasi ya kamera, yaani pale picha inapokuwa kali, iwekeni kwa mkono, kwenye jicho la msemaji, isije ikaanza kutafutatafuta kwenye kioo.

Haya, tufanye jaribio. Nabonyeza rekodi... hapana, simameni. Kuna alama ya kidole hapa katikati, mbele kabisa ya lenzi. Kitambaa laini, kikavu, polepole, tabaka hili hukwaruzika. Nafuta... bado kidogo. Imetoka. Mstari mwembamba upo? Upo. Narekodi.